Vita vya Daraja Tulivyovipeleka Sokoni

Nimesikia mnataka kufanya mchezo wa vita tena. Nimesikia pia kwamba mmeshanunua rangi ya kujipaka usoni na kitabu chenyewe hamjakimaliza. Hiyo ndiyo kawaida yenu. Kaeni chini. Nimekishonea kikundi hiki cha maigizo nguo tangu cherehani yangu ikiwa bado inang'aa, na sasa macho yamekataa kuona tundu la sindano, kwa hivyo nina wakati mwingi wa kuwaambia mambo msiyotaka kusikia.

Shule niliacha darasa la nne. Sioni haya na sijisifu, nasema mapema tu ili mtu asitafute maneno makubwa hapa.

Kitabu chetu sisi alikileta Mwalimu Oluoch, aliyekuwa mwongozaji wetu. Ilikuwa riwaya nene ya kuchekesha, juu ya nchi mbili zinazopigania daraja. Mto uliokuwa chini ya lile daraja ulishahama zamani ukaenda kupita kwingine, lakini hakuna jenerali aliyetoka hemani akaangalia. Basi vijana wanakufa kwa ajili ya daraja lililosimama juu ya nyasi, na mbuzi wanapita chini yake wakila. Mwalimu alipotueleza hivyo mara ya kwanza, pale kwenye chumba cha kanisa tulichokuwa tukiazima hapa Migori, sote tulicheka. Halafu akaanza kusoma, na tukanyamaza. Si kwa huzuni. Tulikuwa tunasinzia.

Sikilizeni vizuri hapa. Kitabu cha kuchekesha hakichekeshi kikisomwa kwa sauti ya mwalimu. Vichekesho vimejificha ndani ya maneno, na maneno huwezi kuyavalisha suruali. Mle kitabuni mlikuwa na watu zaidi ya arobaini, na sisi tulikuwa wanane pamoja na mpiga ngoma. Mlikuwa na ukurasa mzima wa barua ambazo makao makuu ya jeshi yanayaandikia makao makuu hayo hayo. Mwalimu alicheka peke yake mpaka akatoa miwani apanguse macho. Nikamuuliza hiyo nitaivalisha nini. Akasema, "Dani, hii ni kejeli." Dani, yaani bibi, ndivyo walivyoniita hata wakati huo. Nikamwambia kejeli ije hapa niipime kiuno.

Tukaanza kukata. Njia yetu ilikuwa hii: Mwalimu anasoma, sisi tunakula njugu. Mahali ambapo mikono inasimama na hakuna anayetafuna, tunaweka alama. Mahali njugu zinaendelea kuliwa, tunafunga ukurasa. Njia hiyo ilitupa mchezo wa saa moja kutoka kwa kitabu cha kumlevya msomaji. Msidhani kila mara nilikuwa sawa. Kuna sehemu ambapo jenerali ananyamaza, anasikiliza tumbo lake likinguruma, na maofisa wanaandika kila mngurumo kama amri. Nilisema itupwe. Mwalimu akaing'ang'ania kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe. Kule Kisegi watu walicheka hiyo kuliko zote, mama mmoja akaangusha beseni la nyanya. Nilienda kushona.

Sasa nguo. Sheria haitaki raia avae sare za jeshi, na polisi wa huku hawatofautishi mchezo na mapinduzi. Msinunue koti la madoadoa pale mitumba hata likiwa la bei ya bure. Mimi nilitumia magunia. Askari wa kawaida nilimshonea gunia la mahindi. Maofisa nikawapa mapazia ya maua, kwa sababu afisa lazima aonekane ametoka nyumbani. Jenerali nikamshonea magunia ya sukari, yale meupe, na maandishi yakaangukia juu ya tumbo lake: Kilo 50. Mwalimu alitaka nigeuze kitambaa maandishi yaende ndani. Nikakataa. Medali zilikuwa vifuniko vya soda vilivyotobolewa kwa msumari. Vitundikeni vikiwa vimelegea ili vigongane, mtu asikie ushujaa ukija kabla haujafika. Bunduki tulitumia makasia. Mvuvi hukuazima kasia kwa urahisi, lakini ukilivunja atakutafuta yeye mwenyewe bila kumsumbua chifu.

Nilitaka kuwaambia juu ya ndevu za katani, lakini hilo liwe siku nyingine, nyinyi hamna subira. Niende kwa jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni mwandikishaji. Kitabuni yumo kidogo tu, kurasa chache. Ni mtu anayezunguka vijijini kutafuta vijana wa kupeleka vitani, na hawaambii ni vita. Anawaambia wanakwenda kulinda ghala. Mwalimu akampa Ogutu sehemu hiyo. Ogutu alikuwa na sauti nzuri, meno meupe na viatu vyake mwenyewe, na watu walipompenda Mwalimu akamwongezea maneno, kisha akamwongezea tena, mpaka mwandikishaji akawa mkubwa kuliko jenerali. Kurutu anayedanganywa alikuwa Omondi.

Omondi ni kijana wa Muhuru Bay, mama yake anauza omena, wale dagaa wa ziwa, pale ufuoni. Hatukuwahi kuwa na mchekeshaji kama yeye. Alikuwa anaweza kusimama tu, mikono imening'inia, na soko zima likaanza kutetemeka. Ogutu anampima kimo, anamfungulia mdomo anahesabu meno kama anayenunua ng'ombe, kisha anamuuliza kama ana swali. Omondi anainua mkono. Ogutu anasema wenye maswali hawatakiwi. Omondi anaushusha mkono taratibu, anautazama kama si wake. Watu walikuwa wanalia kwa kicheko. Halafu anakwenda, na mwisho mama wa kurutu analetewa sanduku, ndani yake hamna mtu, kuna jiwe, na jenerali anapewa medali.

Tulienda Kosele siku ya soko. Mchezo ulikwenda vizuri mno. Tulipomaliza nilianza kukunja magunia yangu, nikaona vijana wamejipanga mstari nyuma ya kibanda chetu. Wengine wamevua viatu, suruali zimekunjwa hadi magotini, tayari kukimbia kama siku ya kuajiri makurutu uwanjani. Wengine wameshakwenda nyumbani na kurudi na bahasha za kaki zenye vyeti. Nikauliza wanangoja nini. Mmoja, kijana mrefu mwenye adabu, akaniambia wanamngoja yule afande wa ghala.

Nilimwambia yule si afande, ni Ogutu, baba yake ni kinyozi. Akatabasamu kama mtu anayejua kwamba nafasi zinafichwa. Ogutu mwenyewe akatoka, akawaambia ni mchezo, ghala hakuna, mwisho wa mchezo si wamemwona kurutu akifa? Wakasema wameona. Mmoja akasema huyo alikufa kwa sababu hakuwa na bahati. Mwingine akafungua mdomo ahesabiwe meno.

Nyinyi mnacheka. Mimi pia nilicheka, nilipokuwa bado sijamwona yule bwana wa soda.

Alikuwa amesimama kando, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, anakunywa soda na kuutazama ule mstari kama mwenye shamba anavyotazama mvua. Alikuwa ajenti. Alikuwa anapeleka vijana ng'ambo, nchi za mbali zenye baridi, kazi ya ulinzi. Siku hizo fununu zilikuwa zimeanza kwamba wengine waliokwenda kulinda walijikuta wamepewa bunduki katika vita vya watu wasiowajua, lakini zilikuwa fununu, na shati lake lilikuwa safi. Alizungumza na Mwalimu kwa heshima. Akasema amependa sana sanaa yetu. Akasema ana lori, linaweza kutubeba kila soko, Homa Bay yote na Migori yote, sisi tucheze tu, na mwisho wa mchezo yeye apewe nafasi awasalimie vijana.

Na Mwalimu, mtu aliyecheka kejeli mpaka akapangusa macho, alikubali. Alisema lori ni lori. Alisema watu wana akili zao. Nilimuuliza kama amesikia mchezo wake mwenyewe. Akanijibu kwamba sanaa haiwezi kuwazuia watu kutafuta kazi, na mimi sikuwa na lori la kumwonyesha.

Basi tukazunguka na ile kejeli yetu ndani ya lori la ajenti. Tunamcheka mwandikishaji saa moja nzima, kisha mwandikishaji wa kweli anasimama kwenye nafasi ile ile, anasema maneno yale yale, na vijana wanampa bahasha. Ogutu alikuwa amempigia debe bila kujua, na anayejua zaidi alikuwa anavuna.

Kule Kisegi mchezo ulirekebishwa na watazamaji. Sanduku lenye jiwe lilipofunguliwa, bibi mmoja akasimama akasema hapana, hapa kwetu hatuziki jiwe. Na kweli. Mtu wetu akipotea majini au vitani na mwili usipatikane, tunazika yago, lile tunda refu la mwegea, zito kama mtoto mchanga aliyeshiba. Linalazwa kaburini mahali pake, watu wanalia, na baada ya hapo hata akirudi akiwa hai kuna mambo mazito ya kufanywa kabla hajaingia boma. Mzee mmoja akatuletea yago, akatupa na masharti yake: tusichimbe shimo, tusilifunike kwa nguo ya mtu aliye hai, tusilitajie jina. Akoth, aliyekuwa anacheza mama wa kurutu, alipakate tu basi. Tukafanya hivyo. Kuanzia siku hiyo sehemu ya mwisho haikuwa na kicheko, Mwalimu akalalamika kwamba kejeli imekuwa matanga, lakini hakuiondoa.

Bahasha hazikupungua. Niwaambie ukweli, hata yago halikuzipunguza.

Halafu nikiwa namtilia Omondi kiraka begani, akaniambia na yeye anakwenda. Alishachukua pasipoti. Tutakapocheza Muhuru Bay, kwao, mchezo ukiisha anapanda gari la ajenti moja kwa moja. Mama yake hajui, atampigia simu akifika.

Niliweka sindano chini. Nikamwuliza anakwenda kufanya nini.

"Kulinda ghala, Dani."

"Ghala la nini?"

"Wamesema ghala tu."

"Omondi, hayo maneno unaambiwa na Ogutu kila alasiri. Kila alasiri unakufa."

"Hiyo ni play, Dani. Hii iko na visa." Akanishika bega. "Hapa nitachekesha watu mpaka lini? Nikiwa mzee kama wewe?"

Swali lilikuwa la haki. Hapa alikuwa hana shamba wala mashua, alikuwa na uso wa kuchekesha tu. Mnajua wenyewe. Lakini niliuona ule ujinga wake waziwazi, ujinga wa mtu anayejua uongo kwa moyo, neno kwa neno, na bado anauamini akiambiwa na mtu aliyevaa saa.

Tulifika Muhuru Bay asubuhi. Wenzangu wakaanza kusimamisha kibanda, mimi nikashuka ufuoni. Mama Omondi alikuwa ameinama juu ya nyavu, anageuza omena kwa ufagio. Nikamwambia yote bila kuzunguka. Hakukaa chini, hakushika kichwa. Aliuliza anaondoka saa ngapi. Nikasema mchezo ukiisha. Akaendelea kugeuza. Nikadhani hajanielewa, nikaanza kurudia, akaniambia nisimchezee mtu mwenye kazi, nipande juu nikavalishe watu wangu.

Alasiri uwanja ulijaa. Ajenti alipewa kiti cha plastiki mbele kabisa, karibu na mwakilishi wa chifu. Vijana walikuwa wameshika bahasha tangu mwanzo, hawakungoja hata kudanganywa. Omondi alicheza vizuri kuliko siku zote, maana alikuwa anaaga bila kusema. Alipomaliza kufa kwenye mchezo, akaja nyuma ya pazia langu, akavua gunia, akavaa shati lake jipya. Begi lilikuwa pale pale miguuni pangu. Nje, Akoth akaletewa sanduku, akatoa yago, akalipakata.

Hapo Mama Omondi akaingia uwanjani. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, mpaka harufu ya omena ikawafikia. Akalichukua yago kutoka kwa Akoth kama mtu anayechukua mtoto wake kwa yaya, na Akoth akamwachia. Akaenda nalo moja kwa moja hadi kwenye kile kiti.

Akamuuliza ajenti yeye ni mtoto wa wapi. Ajenti akataja kwao kwa adabu, upande wa Homa Bay, si mbali.

"Basi wewe ni wetu," Mama Omondi akasema. "Hii unaijua."

"Naijua, mama."

"Omondi ni wangu. Anakwenda na wewe leo, sikatai. Wewe shika hili, unikabidhi kwa mikono yako mbele ya watu. Useme, mama, mtoto asiporudi zika hili. Halafu mchukue."

Ajenti akacheka kidogo, akatazama huku na huku. Akasema mama, huu ni mchezo tu.

"Ni mchezo. Kwa hivyo shika."

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Haikuondoka pale. Akasema yeye ameokoka, mambo ya mila aliacha. Mama Omondi akamuuliza aliyeokoka anaogopa tunda tangu lini. Watu wakacheka. Sauti moja kutoka nyuma ikamwambia, bwana, si ni tunda, shika vijana waende kazini. Wakacheka tena, lakini safari hii walikuwa wanatazama ile mikono. Wenye bahasha pia. Huyu bwana alikuwa amewashika mikono wote, alikuwa amemshika Mwalimu bega, alikuwa amebeba begi la Ogutu. Hakuna kitu chetu alichokataa kugusa mpaka siku hiyo.

Mimi nilikuwa nachungulia kwenye tundu la pazia. Omondi alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi yake shingoni. Halafu sikuisikia. Alikuwa ametoka na begi lake, amevaa shati jipya, anatembea kuelekea kwa mama yake. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka kumwona.

Ajenti akainuka kwa haraka, kama amefurahi kumwona. "Omondi, twende, gari inangoja."

"Shika tu, boss," Omondi akasema. "Shika, twende."

Alisema kwa upole. Nadhani alitaka kweli ashike. Alikuwa anamwomba, kama mtu anayemwomba kondakta asimame kidogo. Ajenti alilitazama lile tunda, akatazama saa yake, akazunguka kile kiti kwa upande wa mbali ili asimpite Mama Omondi karibu, akaenda kwenye gari. Tukasikia mlango. Gari liliondoka, na lori nalo likalifuata.

Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hakuna aliyejua kama umekwisha. Mwalimu akanipungia mkono kwa hasira, tuendelee, tuendelee. Basi jenerali akatoka na Kilo 50 yake tumboni, vifuniko vya soda vikilia, kupokea medali ya ushindi wa daraja. Omondi bado amesimama katikati na begi. Mama yake amempa Akoth yago lake, anajifuta mikono kwenye leso. Sijawahi kusikia watu wakimcheka jenerali namna ile. Hawakumcheka kama mtu wa kuchekesha. Walimcheka kama mtu aliyekamatwa.

Siku hiyo mstari haukupangwa. Magunia tulirudi nayo Migori kwa pikipiki, na Mwalimu hakunisemesha njia nzima, maana nilikuwa nimempotezea lori. Baadaye alinisemesha. Hatukuwahi kuzungumza juu ya lori.

Sasa msiende kutangaza kwamba mchezo uliokoa vijana. Ulimzuia mmoja, na hata huyo alizuiwa na mama yake. Wawili wa ule mstari wa Kosele walikuwa wameshakwenda kabla. Yule mrefu mwenye adabu alipiga simu mara chache, akasema kuna baridi, akasema ghala hajaliona bado, kisha simu ikanyamaza. Watu wa kwao wameshampelekea mama yake habari ya yago zaidi ya mara moja. Anawafukuza. Tulikwenda kumwona mimi na Akoth, akatupa chai, akatuuliza kama sisi ndio wale wa mchezo. Tukasema ndio. Akasema mtoto wake alicheka sana siku ile.

Kwa hivyo mkifanya mchezo wa vita, msiniletee mwandikishaji mwenye pembe na macho mekundu. Mpeni shati lililopigwa pasi. Awe mzuri, awe na salamu. Halafu muulizane kuna kitu gani hapa kwetu ambacho hawezi kukigusa, na mkiweke mbele yake. Mkikosa kitu hicho, msiende sokoni. Kaeni na kitabu chenu mcheke wenyewe kwa wenyewe, hakuna atakayeumia.

Omondi yuko Muhuru Bay. Anatengeneza injini za mashua, na si fundi mzuri sana. Kila nikienda kule lazima anitafute. Ananiambia mbele ya watu kwamba nilimharibia maisha, kwamba saa hizi angekuwa na nyumba ya mawe, na gari, na mke mwenye kazi ya benki. Anaigiza nyumba, anaigiza gari, anaigiza mke akishuka kwenye gari, na wavuvi wanashika mbavu. Mimi naweka kikapu chini nasimama mpaka amalize. Mama yake yuko pale kando anageuza omena, na mwanawe akisahau kitu, anamkumbusha.